Hereni za Ng'ombe wa Tadeo

Mimi ni Marieta, mjane wa Yohanes Akonaay wa Tumati, na kabla hujaniuliza nakwambia kabisa: ndiyo, ni mimi niliyesema yale maneno. Watu wakifika kwangu wanapenda kuzunguka. Wanauliza habari za mvua, wanauliza maharage, wanauliza goti langu, kisha wanakohoa. Msinikoholee mimi. Nitasema mwenyewe, na nitaanzia mwanzo, maana kila mtu huku amechukua kipande anachokipenda na kukipeleka sokoni.

Huku kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia si utafagia wote? Unachukua wawili watatu, unampelekea rafiki anayekaa mbali, anakutunzia. Maziwa yake, samadi yake, madume akitaka kulimia analimia. Ndama ni wako. Siku ukipata shida unakwenda unasema, "Nimekuja kumwona ng'ombe wangu," naye anakufungulia. Hakuna karatasi. Na hakuna kutangaza, maana kuna wivu, kuna wakwe, kuna ndugu ambao shida zao haziishi. Wanaojua ni wanaume wawili na wake zao, basi. Hata watoto hawaambiwi, watoto wana midomo.

Tadeo wa Tlawi alituletea ng'ombe mwaka ule nilioolewa. Alikuja naye alfajiri, mtamba mweupe mwenye doa shingoni, nami nikampa jina la Harusi. Tadeo na mume wangu walisoma darasa moja, wakachapwa pamoja, wakatoroka pamoja. Harusi alizaa, watoto wake wakazaa, wengine Tadeo aliwachukua alipowaoza wanawe, wengine walikufa na ngozi zao tukampelekea aone. Miaka thelathini na minane! Wanangu wote sita walikua kwa maziwa ya ng'ombe wa Tadeo, na kila Krismasi yeye ndiye aliyetuletea sisi mfuko wa njegere, kana kwamba ndiye anayedaiwa shukrani.

Kisha zikaja hereni.

Mimi sikuzichukia, nisisingiziwe. Wizi ulikuwa umetusumbua. Afisa mifugo wetu, binti anaitwa Hilda, alituita josho la Tumati na koleo lake na kile kishikwambi, kila ng'ombe akatobolewa sikio na kuvishwa hereni ya njano yenye namba. Ukiielekezea simu hereni ile, inakuonyesha mwenye ng'ombe na namba yake ya simu. Hilda ana adabu. Wazee wote aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kugusa kazi, hata wale wanaonuka pombe asubuhi.

Sisi tulikuwa na ng'ombe saba. Wawili wetu, watano wa Tadeo. Zamu yetu ilipofika Hilda akauliza, "Mmiliki nani?" Akonaay akanitazama. Nyuma yetu kijiji kizima kilikuwa kwenye foleni, masikio wazi. Mume wangu akajikohoza akasema, "Andika Yohanes Akonaay. Wote saba."

Njiani alicheka mwenyewe. "Ningemtaja Tadeo pale, kesho yake mpaka Katesh wangejua ana ng'ombe Tumati." Tulipofika nyumbani akampigia kwa kitochi changu, akamweleza alivyofanya. Nilimsikia Tadeo akicheka upande wa pili. "Umenistiri, ndugu yangu," alisema. Nilikuwa nasonga ugali, na mimi nikacheka. Haki ya Mungu, tulicheka wote watatu.

Akonaay alifariki Aprili mwaka uliofuata. Presha. Alianguka shambani katikati ya maharage, na mimi nilikuwa nimemkasirikia asubuhi ile kwa sababu ya jembe lisilo na mpini. Tadeo alikuja siku ileile. Alishika sururu akachimba kaburi na vijana, mzee wa miaka sabini, wakamwambia pumzika akakataa. Habari za ng'ombe hakutamka. Nani anataja ng'ombe wakati udongo bado mbichi?

Kifungua mimba wangu ni Onesphory. Ana duka la pembejeo Dongobesh, ana simu kubwa, ana haraka. Ndiye aliyeshughulikia mambo ya baba yake. Baada ya matanga alikuja akakaa pale kwenye kigoda, akageuza simu yake nione. "Mama, unajua baba alikuwa na ng'ombe saba? Saba! Na mimi nilidhani mzee hajatuachia kitu." Macho yake yalilowa. Alikuwa anamwonea baba yake fahari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake pengine.

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Nilisema, "Eeh."

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yako. Kwanza alikuwa amefurahi na sikutaka kumvunja moyo. Pili ni woga, nisijipambe. Mjane anaishi mkononi mwa mtu. Dawa zangu za goti ananunua yeye, karo za wajukuu wanaokaa kwangu analipa yeye. Nikasema moyoni, nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na mambo yake.

Mwezi wa nane ugonjwa uliingia Tlawi. Ng'ombe wa Tadeo, wote tisa aliokuwa nao nyumbani, walikwisha ndani ya wiki tatu. Kama huijui Tlawi, elewa hivi: milima ile imelimwa tangu mababu, udongo umechoka, kinachoilisha ni samadi tu. Mtu asiye na ng'ombe kule, maharage yake yanaota ya njano na mahindi yanaishia magotini. Tadeo na mkewe Efrazia walibaki na zizi tupu na mashamba mawili.

Alikuja kwetu Jumapili baada ya misa. Alikuja na koti lake la sherehe na kofia. Onesphory alikuwepo, akainuka upesi, "Shikamoo baba mkubwa," akampisha kiti. Nikampa maziwa kwenye kibuyu. Nilijua alichofuata, na maziwa mengine nikayamwaga mkekani.

Alizungumza taratibu. Alitutajia wale tisa waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi na baba yako tulikuwa na mambo yetu. Watano katika hawa ni wangu. Siwataki wote, ninyi mna watoto hapa. Naomba Sikukuu peke yake, nianze upya." Sikukuu ni kitukuu wa yule Harusi, mweupe vilevile, ana doa shingoni vilevile. Sikia vizuri: mtu alikuwa anaomba mmoja kati ya ng'ombe wake watano.

Onesphory hakumtukana. Watu wanasema alimtukana, waongo. Alishangaa tu. Alitoa simu, akamsogelea, akainama ili mzee aone. "Baba mkubwa, mfumo huu hapa. Saba, wote jina la baba, na tarehe. Baba mwenyewe alisimama pale josho akataja. Kama watano ni wako, kwa nini hakukutaja?"

"Kwa sababu alikuwa rafiki yangu," Tadeo alisema.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yako."

Wakanigeukia wote wawili. Mwanangu akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, hawa ng'ombe ni wa baba mkubwa?" Tadeo alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alitulia kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani.

Nikasema, "Mimi mambo ya zizi siyajui."

Maneno yenyewe ndiyo hayo. Ni maneno ambayo wanawake wa huku tumeyasema siku zote tukiulizwa na wageni, tukiulizwa na wakusanya kodi, tukiulizwa na mashemeji wachokozi. Yalitoka mdomoni yenyewe, kwa mazoea. Lakini Tadeo hakuwa mgeni. Aliweka kibuyu chini na maziwa hayakuwa yamepungua, akavaa kofia yake. "Basi," alisema. "Bakini salama." Nikamsikiliza anavyoteremka mpaka nikaacha kusikia viatu vyake.

Siku nane sikula chakula kikashuka. Nikimkamua Sikukuu namwona Akonaay amesimama mlangoni. Siku ya tisa, Jumatatu, nilimfunga kamba nikamtoa. Jirani aliuliza, "Mama Onesphory, wapi na goti hilo?" Nikamjibu, "Josho." Kumbe uongo nilikuwa nimeuzoea tayari! Nikapita njia za ndani, nikanyeshewa, nikaanguka mara mbili, ng'ombe wa watu akaningojea mara zote mbili.

Nilifika Tlawi jua limeinama. Nilimkuta Tadeo ndani ya zizi lake tupu na jembe mkononi. Alikuwa anapanda mboga mle ndani, kwenye samadi ya mwisho, ili isipotee bure. Nikasema, "Shemeji, nimekukosea. Niliogopa." Aliweka mkono juu ya nundu ya Sikukuu akauacha pale. Efrazia akatoka jikoni, akaona, akaketi chini kwenye matope akalia kwa sauti. Baadaye sana Tadeo akasema, "Kila mtu anaogopa, shemeji. Ingia ndani uote moto."

Shemeji. Nataka ulikumbuke neno hilo, kwamba siku ile alikuwa bado ananiita hivyo.

Nililala kwao. Asubuhi tulikunywa uji, Efrazia akanipa vitunguu saumu nikawapikie wajukuu, nikashuka barabarani nikapata gari la mizigo. Moyo ulikuwa mweupe. Nilipanga kumwambia Onesphory kila kitu akija Jumamosi. Ile hereni sikuifikiria hata kidogo. Ilikuwa sikioni mwa ng'ombe, naiona kila siku, na kwangu ilikuwa kipande cha plastiki tu.

Onesphory alikuwa amekwisha kuja. Alifika jioni ileile ya Jumatatu kuniletea dawa, akakuta zizi lina pengo na mama hayupo. Jirani akamwambia nimekwenda josho. Josho lilikuwa limefungwa siku hiyo. Akapiga simu yangu, chaji ilikuwa imekwisha tangu juzi yake. Mtoto akachanganyikiwa, akadhani nimeporwa njiani na kutupwa korongoni. Akaandika kwenye kundi la wafugaji kwenye simu, watu mia mbili na zaidi: ng'ombe mweupe ameibwa Tumati, hereni namba fulani, na mama yangu haonekani.

Nilimkuta uani na vijana watano wenye pikipiki. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Mama! Uko hai! Na mwizi wamempata, tazama." Akanionyesha simu.

Tadeo alikuwa amekalishwa chini mbele ya ofisi ya kijiji kimoja, sitakitaja; vijana walikuwa wamemkuta anamchunga Sikukuu, wakaisoma hereni kwa simu. Koti lake lina matope, na Sikukuu amefungwa nyuma yake. Kofia wamemvua, upara wake unaonekana, na kamba ya ng'ombe wamemwekea shingoni mwake. Alikuwa anaitazama kamera kama watu wa zamani tunavyoitazama, ametulia ili picha isiharibike. Chini yake wameandika: Mwizi wa mifugo akamatwa, hereni yamuumbua. Na vile vidole vya kusifu, na vikaragosi vya kucheka, vinapanda tu, vinapanda.

Nilimpiga mwanangu kofi. Ana miaka thelathini na saba, ana mke na duka, nilimpiga mbele ya rafiki zake. "Huyo ni baba yako mkubwa! Ng'ombe nimempelekea mimi! Wa kwake! Wote watano ni wa kwake!"

Akashika shavu. "Ungesema, mama," akaniambia polepole. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mbele yake."

Hilo nalo ni kweli. Nenda kalijibu wewe kama unaweza.

Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati. Pale ofisini nilisema yote, kwa sauti, kila aliyekuwepo akasikia: Harusi, alfajiri ile, foleni ya josho, na maneno yangu ya Jumapili. Mgambo mmoja akamwambia Tadeo samahani mzee, simu ndiyo ilisema. Onesphory alipiga magoti kwenye vumbi. Tadeo aliinuka kwa kujisukuma na ukuta, akavaa kofia yake, akatoa kamba shingoni na kumkabidhi Onesphory mkononi.

"Chukua ng'ombe wa baba yako," alisema.

Tukamsihi. Nilimshika mkono wa koti nikalia kama mtoto, "Shemeji, shemeji, mchukue," na Onesphory naye analia. Alisubiri nimwachie, hakunisukuma. Kisha akashika njia ya Tlawi kwa miguu, na watu waliokuwa pale wakampisha.

Usiku wake Onesphory aliandika kwenye kundi kwamba ilikuwa makosa, kwamba mzee ni mtu safi na ng'ombe ni wake. Watu wanne walijibu. Picha ilikuwa imekwisha kupita, imefika Haydom, imefika Katesh, mjukuu wa Tadeo aliiona akiwa shuleni Arusha. "Si ufute?" nilimwambia. Akasema, "Yangu nimefuta, mama. Iko kwenye simu za watu." Sikuelewa kitu kinawezaje kuwa chako cha kutupa kisiwe chako cha kuokota.

Baada ya hapo nikaanza kuona ng'ombe barabarani. Mchana kweupe, mmoja mmoja, wawili wawili, watu wanawafuata ng'ombe wao kwa marafiki na kuwarudisha nyumbani. Nilishangaa jinsi walivyokuwa wengi. Watu niliodhani maskini kumbe walikuwa na ng'ombe Tumati, na wa Tumati walikuwa nao Tlawi. Hakuna aliyegombana. Wanapokea, wanashukuru, wanaondoka, na hawapiti tena kusalimiana. Kila mtu sasa ana zizi lake lililojaa na jina lake kwenye simu, na ugonjwa ukija tena utawakuta wote mahali pamoja.

Onesphory alihangaika, nimpe haki yake. Alikwenda Tlawi mara tatu. Efrazia alimpa chai, Tadeo alitoka nje. Mwishowe alikwenda kwa Hilda, akaomba wale watano wahamishwe jina, ili mzee atake asitake wawe wake. Hilda akasema inawezekana kabisa, mama mjane aje josho na mwana, mmiliki mpya atatumiwa ujumbe wenye namba sita, azisome, kazi imekwisha.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja. Foleni ileile, koleo lilelile. Niliwapanga wote watano mbele yangu, Sikukuu wa kwanza, ana mimba kubwa. Hilda akaniamkia, kisha akauliza kama alivyouliza siku ile, "Mmiliki nani, bibi?"

Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, "Tadeo wa Tlawi! Rafiki wa marehemu mume wangu. Wote watano, tangu babu zao."

Hilda akabonyeza, akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Iliita sana. Nilidhani haitapokelewa.

"Shikamoo babu," Hilda alisema. "Naitwa Hilda, afisa mifugo. Umepata ujumbe wenye namba sita? Nisomee tu, ng'ombe watano wanaingia kwako sasa hivi."

Nilisikia kuku wa Efrazia.

Nikaichukua simu. "Shemeji, ni mimi Marieta. Soma hizo namba, nakuomba. Nimekutaja mbele ya watu, wako hapa wote wanasikia. Ni ng'ombe wako, shemeji. Sikukuu ana mimba."

"Mama Onesphory," alisema.

Miaka thelathini na minane hakuwahi kuniita hivyo. Halafu akasema, taratibu, bila hasira yoyote, na ningetoa macho yangu ili awe na hasira, "Mimi mambo ya zizi siyajui."

Simu ikakatika. Foleni yote ilikuwa imesikia, na hakuna aliyekohoa. Hilda aliendelea kuangalia kishikwambi chake mpaka zile namba zikaisha muda.

"Imekataa, bibi," akasema. "Niwaache kwa jina la nani?"

Nilimwambia awaache walivyo, kwa jina la marehemu mume wangu, aliyetaka kumstiri rafiki yake.